Hamu Hufuata Misuli

Mzee akigunduliwa kuwa na kisukari huondoka kliniki na vidonge pamoja na orodha ya makatazo: aache sukari, apunguze ugali na wali, aepuke mafuta, afanye mazoezi. Akirudi baada ya miezi mitatu na sukari ipo palepale, nyumbani husemwa kwamba hana nia, na mara nyingi mwenyewe hukubali. Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga hapa. Sisi tuliokulia enzi za mchakamchaka wa alfajiri tulilelewa tukiamini kwamba ari hutangulia na mwili hufuata: ukitaka, utaweza. Kwa kijana ambaye miguu inamtii, sawa. Lakini kwa mtu wa miaka 70 ambaye kunyanyuka mkekani tu ni shughuli, mambo huenda kinyume. Tafiti za zaidi ya miaka 30 zinaonyesha kwamba mwili ukirudishiwa nguvu, hata kidogo, hamu ya kujishughulisha huja nyuma yake. Anayengoja hamu ije kwanza atangoja sana, na misuli yake haitamngoja.

Tuangalie kwanza sukari inakokwenda. Ugali, wali, mihogo na mkate huishia damuni kama glukosi, na sehemu kubwa ya glukosi ya mlo hupokelewa na misuli, hasa ile mikubwa ya mapaja na makalio. Misuli ndiyo ghala. Kwa kawaida insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo inayoamuru ghala lifunguliwe. Lakini msuli unaofanya kazi una njia yake nyingine: ukijikaza na kulegea, huvuta glukosi ndani bila kusubiri amri ya insulini. Ndiyo maana mtu ambaye insulini yake imepoteza makali bado anaweza kushusha sukari kwa kutembea tu. Sasa, misuli huanza kupungua taratibu tangu umri wa makamo, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Mzee anayekula sahani ileile aliyokuwa akila na miaka 40 anapeleka mzigo uleule kwenye ghala dogo zaidi. Mwaka 2013 Loretta DiPietro na wenzake wa Chuo Kikuu cha George Washington, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 10 wenye miaka 60 na kuendelea ambao walikuwa hatarini kupata kisukari. Kutembea dakika 15 baada ya kila mlo kulituliza sukari yao kwa siku nzima, na kulishinda kutembea dakika 45 kwa mkupuo mmoja katika kushusha sukari inayopanda baada ya chakula cha jioni. Watu 10 ni wachache, na nisingejenga sera ya taifa juu yao peke yao. Lakini utafiti huo unagusa pale tunapoumia, maana mlo mkubwa katika nyumba zetu nyingi ni wa usiku, na baada yake ni kochi, taarifa ya habari na kitanda.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Boston, kwenye makao ya wazee ya Hebrew Rehabilitation Center. Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichukua wazee 10 wa miaka 86 hadi 96, watu dhaifu wenye maradhi sugu mengi, wakawapa kazi ambayo wakati ule madaktari wengi wangeiona ya hatari: kunyanyua uzito kwa miguu. Si uzito wa kuchezea. Mzee aliketi kwenye mashine na kunyoosha goti dhidi ya mzigo uliokaribia asilimia 80 ya ule mkubwa kabisa anaouweza, mara nane, akapumzika, akarudia, siku tatu kwa wiki kwa wiki nane. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha kutumia fimbo zao. Watatu hawakuweza kusimama kutoka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na mmoja wao akaweza. Kisha mazoezi yakasimamishwa, na ndani ya wiki nne tu theluthi hivi ya nguvu ikapotea, jambo ambalo kila mwenye mgonjwa wa kulala kitandani kwa mwezi analijua bila kusoma jarida lolote. Mwaka 1994 kundi hilohilo la watafiti lilirudi na wazee 100 wenye wastani wa miaka 87. Safari hii wengine walipewa mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa chochote kati ya hivyo. Waliofanya mazoezi walipata nguvu maradufu na kutembea haraka zaidi. Kinywaji bila mazoezi hakikuwasaidia. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka: nje ya muda wa mazoezi, waliokuwa wakinyanyua uzito walianza kujongea zaidi kwa hiari yao. Waliacha kukaa kwa sababu kusimama kulikuwa kumekoma kuwa adhabu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tunachokiita uvivu wa mzee mara nyingi ni hesabu sahihi. Mtu ambaye kila kusimama kunamgharimu karibu nguvu zake zote hupanga siku yake ili asimame mara chache: ataomba aletewe maji, ataahirisha kwenda dukani, ataswali ameketi. Ni sawasawa na sisi wengine kukataa kupanda ghorofa ya nane kwa ngazi kila tunapotaka chumvi. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza tangu mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake ndiyo inayoamua kama atajaribu na atadumu, na kwamba chanzo kikubwa cha imani hiyo ni kufanikiwa mwenyewe, kwa mkono wake. Maneno ya kumtia moyo yana nafasi, ila ni ndogo. Hotuba ya mtoto wa kiume aliyekuja likizo kutoka mjini, kuhusu hatari za kukatwa mguu, ina nafasi ndogo zaidi. Kumtisha mtu asiyeweza ni kumwongezea woga juu ya udhaifu.

Kwa hiyo pa kuanzia ni kiti. Kiti imara, kirefu kidogo, kiegemee ukuta kisiteleze. Mzee anasogea hadi ukingoni, anarudisha nyayo nyuma kidogo ya magoti, anainamisha kifua mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha anasimama. Wengi hukwama kwa sababu hujaribu kusimama wakiwa wima, uzito wote ukiwa bado nyuma. Kifua kikienda mbele, mapaja hupata nafasi ya kufanya kazi. Kushuka ndiko kwenye faida kubwa: taratibu, bila kujitupa. Akianza kwa mara tatu asubuhi na tatu jioni, akishika meza ikibidi, ameshaanza. Zikiwa rahisi, zinaongezwa, au kinatafutwa kiti kifupi zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki na ya kujimudu wasianguke angalau siku tatu, juu ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kutembea au shughuli inayolingana nayo. Dakika 150 humkatisha tamaa asiyemaliza hata tano, na kwa maoni yangu ni kosa kumpa namba hiyo siku ya kwanza. Apewe kiti. Namba zitakuja baadaye zenyewe.

Chakula nacho kimegeuzwa kuwa makatazo matupu, na hapo tunafanya madhara ambayo hayaonekani upesi. Mzee akiambiwa apunguze ugali, na mboga yake ilikuwa kijiko cha mchicha pembeni, anachobaki nacho ni njaa. Atapungua uzito na familia itafurahi, lakini sehemu ya uzito huo ni misuli, yaani ghala lenyewe. Dennis Villareal na wenzake walilipima jambo hili nchini Marekani kwa watu 107 wanene wenye miaka 65 na zaidi, wakachapisha mwaka 2011. Waliopunguza chakula tu walipoteza asilimia 5 ya sehemu ya mwili isiyo mafuta. Waliochanganya na mazoezi walipoteza asilimia 3, na ndio waliokuwa na nguvu za miguu na usawa wa mwili bora kuliko wote. Wataalamu wa lishe ya wazee siku hizi wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, isipokuwa kwa mwenye figo mbovu, ambaye lazima amsikilize daktari wake. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama gramu 60 hadi 72. Uji mweupe asubuhi, chai na andazi saa nne, ugali na mchuzi usiku havifiki hata nusu. Na si lazima kwenda buchani. Yai lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Dagaa waliosagwa wakawekwa kwenye uji au kwenye kisamvu humfaa hata asiye na meno, na tusijidanganye kwamba meno ni jambo dogo: wazee wengi wameacha nyama na karanga kwa sababu ya fizi, siyo kwa sababu ya bei.

Kwenye wanga, ninaloliona la kwanza ni chai. Vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12, karibu gramu 50, na hii ni kwa mtu atakayeapa kwamba hali vitu vitamu. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa sukari ya kuongeza isizidi asilimia 5 ya nguvu tunazopata kwenye chakula, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima wa kawaida. Lakini chai ya maziwa ni heshima ya nyumba, ni maongezi, ni mgeni kukaribishwa. Kuifuta ni kumfukuza mzee barazani. Ni afadhali kijiko kimoja kipungue kila baada ya wiki mbili, na tangawizi na iliki ziongezwe, ulimi huzoea. Ugali wenyewe ubaki, wa dona badala ya sembe inapowezekana, ila uwe robo ya sahani, na sahani ianze kuliwa upande wa mboga na maharage. Haya ni mambo ambayo anayepika huyaamua, na anayepika mara nyingi si mzee. Ndiyo maana kumlaumu yeye kwa sahani aliyowekewa mezani naona ni kumwonea.

Wapo watakaosema mzee amefanya kazi maisha yake yote na sasa ana haki ya kupumzika. Haki anayo. Lakini kupumzika kuko kwa namna nyingi. Watafiti walioishi na Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, Tanzania, waliwafunga vifaa vya kupima mwendo na kukuta kwamba watu hao, ambao mioyo yao ni mfano wa afya, hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kama tu watu wa mijini wenye ofisi. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa, kupiga magoti na kukaa chini, na misuli ya miguu hubaki ikifanya kazi ndogondogo. Anayekaa chini lazima ainuke kutoka chini. Sofa laini na ya kina, zawadi ambayo watoto hujivunia kumnunulia mama, humnyang'anya kazi hiyo mara 20 kwa siku. Vivyo hivyo kwa hoja kwamba jembe linatosha kuwa mazoezi. Ni kweli mkulima hahitaji kuambiwa afanye mazoezi: utafiti ulioongozwa na Donald McLarty katika vijiji sita vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta sukari ya juu kwa karibu asilimia 9 ya wenye miaka 25 hadi 64. Vipimo na vigezo havikuwa vilevile, hivyo sitaki kuzidisha ulinganisho huo, ila mwelekeo haufichiki. Na mzee anayezungumzwa hapa ndiye aliyeacha jembe: amehamia kwa mwanawe Mbagala, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, chumba kimoja, uwanja hakuna, na anaambiwa akae tu, asijisumbue.

Hoja nzito zaidi ni ya dawa: kama vidonge vinashusha sukari, ya nini kumsumbua mzee? Mpango mkubwa wa kuzuia kisukari nchini Marekani, uliochapisha matokeo mwaka 2002, uliwafuata watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa. Kubadili mwenendo wa maisha, yaani kula kwa kiasi na dakika 150 za kutembea kwa wiki, kulipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 58. Vidonge vya metformini, kwa asilimia 31. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea, mwenendo ulipunguza kwa asilimia 71, nayo metformini haikuleta tofauti ya maana. Waliodhaniwa wamechelewa ndio waliofaidika zaidi. Hao hawakuwa wagonjwa bado, kwa hiyo asije mtu akatupa vidonge vyake kwa sababu ya aya hii. Na mwenye kutaka haki atanikumbusha utafiti wa Look AHEAD wa mwaka 2013: kati ya wagonjwa 5,145 wenye uzito mkubwa, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka tisa, waliopangiwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi hawakupata shambulio la moyo wala kiharusi pungufu kuliko wenzao. Nakubali, na ni vizuri kulisema waziwazi, maana mazoezi yameuzwa kama kinga ya kila kitu. Lakini katika utafiti huohuo hatari ya kupoteza uwezo wa kutembea na kupanda ngazi ilipungua karibu nusu. Ukimuuliza mwenye miaka 75 anachokiogopa, ni wachache watakaotaja moyo kabla ya kutaja kubebwa kwenda chooni.

Kinachomfanya mtu adumu baada ya kuanza ni watu. Utafiti wa Marekani unaojulikana kama LIFE, uliotoka mwaka 2014, uliwachukua watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89. Waliokuwa wakikutana kituoni mara mbili kwa wiki kutembea na kuimarisha miguu walipoteza uwezo wa kutembea mita 400 kwa uchache kuliko waliohudhuria masomo ya afya, asilimia 30 dhidi ya 35.5. Si pengo la kushangilia barabarani, ila ni kwa watu ambao tayari walikuwa wameanza kulemaa. Afrika tuna mifano iliyochangamka kuliko hiyo. Huko Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi alianzisha timu ya mpira ya mabibi, Vakhegula Vakhegula, ambayo mwaka 2010 ilisafiri hadi Massachusetts kucheza mashindano ya wakongwe. Korogocho, Nairobi, mabibi hukutana kujifunza kupiga ngumi na mateke ili kujilinda na wahalifu. Hawa wa Korogocho sukari hawakuifuata, na nadhani ndiyo sababu wanarudi. Zanzibar, tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi kitaifa, na vikundi vya mazoezi vya mitaani hupita vikikimbia na kuimba. Kasoro ya vikundi vyetu vingi, Unguja na hata Dar es Salaam, ni mwendo wake: vimepangwa kwa kasi ya vijana, na mzee anayebaki nyuma siku ya kwanza harudi ya pili. Kina mama wakubwa wana kikwazo kingine, cha stara, kwa maana si kila mmoja atakubali kuruka barabarani mbele ya wakwe zake. Ua wa nyumba, baada ya alasiri, milango ikiwa imefungwa na redio imewashwa, unatosha.

Hatari zipo. Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi sukari yake inaweza kushuka mno akitembea kabla ya kula, kwa hiyo atembee baada ya mlo na awe na kitu kitamu mfukoni. Aliyepoteza hisia za nyayo asitembee peku wala kwa kandambili, na viatu avikague ndani kabla ya kuvivaa. Maumivu ya kifua hayasubiri kesho. Goti linalouma, kinyume na wengi wanavyodhani, mara nyingi hupata nafuu paja likiwa na nguvu.

Kliniki zenyewe zingeweza kuanza bila kusubiri bajeti. Siku ya kliniki wazee hukaa kwenye mabenchi tangu saa moja asubuhi wakisubiri kupimwa uzito, presha na sukari, na muda wote huo miguu yao haina kazi. Kuna kipimo kinachotumika duniani kote kwa wazee: kusimama na kuketi mara nyingi uwezavyo ndani ya sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kinahitaji kiti na saa ya simu. Muuguzi akiandika namba hiyo kwenye kadi kando ya namba ya sukari, mzee atarudi nyumbani na namba ambayo anaweza kuipandisha mwenyewe kabla ya tarehe inayofuata: leo sita, mwezi ujao nane, na wajukuu wakihesabu kwa sauti.